Semina ya Mbalamwezi

Mto wetu hubadili herufi ukiwa katikati ya daraja. Sisi wa upande wa Rwanda tunauandika Rusizi. Ukishavuka na kuwafikia Wakongo, ni Ruzizi. Maji yenyewe hayana habari na s wala z. Yanatoka Ziwa Kivu kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, yanaporomoka kwenye magenge, yanapunguza mwendo kwenye tambarare ya Bugarama, na yanapolifikia Ziwa Tanganyika yameshuka karibu mita 700. Njiani yamezuiwa mara mbili ili yazungushe mitambo ya umeme: Ruzizi I tangu mwaka 1958, na Ruzizi II tangu mwaka 1989, huo wa pili ukiwa mali ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Kongo. Kwa hiyo mtu akikuambia huku kwetu kwamba anakwenda Rusizi ya pili, msikilize vizuri ujue anakusudia mitambo au mpaka. Mimi nakusudia mpaka.

Nilikuwa nikivuka hapo mara moja kwa mwezi, siku ya Alhamisi, baada ya kustaafu kufundisha biolojia katika shule za sekondari. Rafiki yangu mmoja, mhadhiri katika chuo kimoja cha Bukavu, upande wa Kongo, alinikaribisha kwenye semina za idara yao, nami nikaona heri hiyo kuliko kushinda barazani kwangu Kamembe nikisahau majina ya mimea niliyowafundisha watoto wa watu. Kwenye foleni ya mpakani aghalabu nilikuwa peke yangu nisiye na mzigo. Akina mama walibeba mabeseni ya nyanya, trei za mayai, vitunguu, na dagaa wakavu waitwao sambaza, waliofungwa kwenye viroba. Siku moja ofisa kijana akanitazama mikono.

"Mzee, umebeba nini?"

"Sina mzigo. Naenda kwenye semina."

"Semina ya nini?"

"Ya samaki."

Akanitazama tena mikono, akachungulia nyuma yangu kana kwamba nimemficha mtu. "Na samaki wenyewe wako wapi?"

Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka, nikagongewa muhuri, nikavuka. Nilikuwa nimeshafika nusu ya mlima wa Bukavu nilipoanza kuona kwamba lile swali si la mzaha tu.

Asiyewahi kuhudhuria semina ya idara ya biolojia asidhani ni jambo la fahari. Chumba ni maabara ileile iliyotumika asubuhi. Kuna meza ndefu zenye madoa ya dawa, viti virefu visivyo na egemeo, na kabati la vioo lenye chupa za samaki waliopauka ndani ya fomalini. Harufu yake hukufuata hadi nyumbani, na mke wangu aliijua kabla sijabisha hodi. Ukutani kulikuwa na kalenda ya duka la dawa. Projekta ilikuwa moja kwa idara tatu, na asistanti mmoja alikuja nusu saa kabla ya wengine kuihangaikia, akiibembeleza kama mgonjwa. Umeme ukikatika, na Bukavu hukatika sana ingawa mitambo iko hapo chini tu ya mto, mtoa mada huchukua chaki. Semina mbili nilizozipenda kuliko zote zilikuwa za chaki, dirisha likiwa wazi na kelele za pikipiki zikiingia. Mtu asiye na picha ya kuonyesha hulazimika kueleza.

Utaratibu haubadiliki. Mkuu wa idara anafungua kwa Kifaransa na kumtaja mtoa mada kwa vyeo vyake vyote. Dakika arobaini zinapita. Kisha linakuja tamko ambalo kila mwanasayansi amelisikia akiwa na hofu: kuna maswali? Hufuata ukimya, viti vinalia, mtu anakohoa. Anayeanza kuuliza ni profesa mkubwa, na swali lake huwa hotuba. Anafuata asistanti, ambaye huuliza ili profesa amwone. Wanafunzi wamekaa nyuma, wanaandika, hawanyanyui mkono.

Ilinichukua miezi kadhaa kugundua kwamba wanafunzi wale walikuwa na maswali yao, ila waliyahifadhi kwa ajili ya ngazi. Nje ya maabara kulikuwa na ngazi za saruji ambapo mama mmoja wa chuo alileta chai na mandazi, na pale, vikombe vikiwa mkononi, semina ya pili ilianza. Humo ndani Kifaransa kilitumika kutoa taarifa. Huku nje Kiswahili kilitumika kuzitilia shaka. "Lakini yule anasema samaki wamepungua. Amejuaje?" Msichana wa mwaka wa pili aliuliza hivyo huku anatafuna, na mtoa mada, aliyekuwa ngazi mbili chini yake akiongeza sukari, akageuka. Nimehudhuria mikutano yenye bendera na wakalimani, sijaona swali likimgeuza mtu kama lile. Nikaacha kuwahi mpakani. Nilikaa hadi chai iishe.

Mada iliyorudi mara nyingi ilikuwa sambaza, na ilistahili. Kivu ni ziwa lenye kina cha mita 485, na vilindini mwake maji yamejaa gesi, hayakaliki na kiumbe anayehitaji hewa. Maisha yote ya samaki yako kwenye tabaka la juu. Tena aina zao ni chache sana ukilinganisha na Tanganyika yenye mamia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji waliona kwamba maji ya katikati ya ziwa yamejaa vijimea na vijidudu vinavyoelea, lakini hakuna samaki wa kuvila. Wakachota vifaranga vya dagaa wa aina mbili kutoka Tanganyika, wakavimimina Kivu. Aina moja, Stolothrissa tanganicae, haikudumu. Nyingine, Limnothrissa miodon, ikalikubali ziwa kama bibi harusi aliyekuja kukaa. Samaki huyohuyo alipopelekwa bwawa la Kariba katika miaka ya 1960 aliitwa kapenta. Huku kwetu anaitwa sambaza, na kwa sikio la Mswahili jina hilo ni amri. Ukimnunua sokoni ni kama unaambiwa: usile peke yako.

Anavuliwa usiku. Mitumbwi mitatu huunganishwa kwa miti mirefu ya mikalitusi, wavu ukatandazwa chini yake, taa zikawashwa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri. Sambaza hupanda kuufuata mwanga, na wavuvi huinua wavu kwa nyimbo. Ukisimama Kamembe usiku wa giza, ziwa linaonekana kama mji wa pili, wenye taa nyingi kuliko huu wetu.

Haya yote tuliyajua. Mtafiti wa samaki yeyote wa mji ule angeweza kukuchorea wavu ule macho yakiwa yamefumbwa. Bukavu si mji wa kubahatisha kwenye jambo hili. Wasomi wake kama Kaningini Mwenyemali na Pascal Isumbisho, wa Taasisi ya Juu ya Ualimu ya Bukavu, walitumia sehemu kubwa ya maisha yao ya kazi wakimchunguza sambaza na vijidudu anavyokula. Na bado, mwaka mmoja, idara ya rafiki yangu iliandaa siku ya jamii ambayo siisahau.

Barua zilipelekwa kwa wavuvi wiki mbili kabla. Viti sitini vilikodiwa, hema likafungwa uani, kreti za soda zikaletwa, na wanafunzi wakachora kwenye karatasi kubwa maisha ya sambaza tangu yai hadi sahani. Saa nne asubuhi walikuwepo wazee wa mtaa, masista wawili na wanafunzi wao waliovaa sare, mwandishi wa redio, na mwenye duka la nyavu aliyetarajia biashara. Hakuwepo mvuvi hata mmoja. Tukangoja hadi saa tano na nusu, soda zikapata moto. Mtu mmoja mwenye cheo akavua miwani, akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba tatizo la watu wetu ni kutopenda elimu.

Mama mmoja muuza sambaza, aliyekuwa anapita na beseni lake akaingia kutazama picha, akamsikia.

"Papa, wamelala. Mwezi haupo hivi."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba amevaa shati nje-ndani, akajitwisha beseni akaenda zake. Wavuvi walikuwa wametoka ziwani alfajiri. Zilikuwa siku za giza, siku za kujaza wavu. Usiku ule wangerudi tena, na kesho yake tena. Mwezi ukishakuwa mpevu, mbalamwezi hutapakaa juu ya maji, taa hazimvuti samaki kama kawaida, na wavuvi wengi hubaki nyumbani. Wanashona nyavu, wanazika, wanaoa, wanakwenda kwenye kesi za ardhi. Jamii nzima ya kando ya ziwa hupanga shughuli zake kwa mwezi, na sisi tulikuwa tumewaalika kwa kalenda ya duka la dawa.

Kilichoniuma ni kwamba mwezi tulikuwa nao. Ulikuwa kwenye jedwali la mtoa mada, safu ya nne kutoka kushoto: hali ya mwezi. Tuliujua kama kitu kinachowapata samaki, hatukuwahi kuuona kama saa ya watu. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni haji kwa sababu tu umemwandikia barua. Kumwalika mtu ni kujua yuko macho saa ngapi.

Semina iliyofuata iliwekwa wiki ya mwezi mpevu, Alhamisi saa tisa alasiri. Walikuja kumi na mmoja. Waliketi mbele, kwa kuwa hawakujua kwamba mbele ni pa maprofesa, na asistanti akahamishia lugha kwenye Kiswahili baada ya sentensi mbili, jasho likimtoka, kwa sababu hajawahi kutamka neno "takwimu" mbele ya mkuu wake. Alionyesha mstari unaopanda na kushuka: uzito wa samaki waliopokewa gatini, mwezi baada ya mwezi, kwa mwaka mzima. Alipomaliza, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akasimama. Hakungoja kuulizwa kama ana swali.

"Mwanangu, asante. Hao samaki uliokuwa unawapima, ulikuja usiku upi wa mwezi?"

Asistanti akasema alikuwa akienda gatini mara mbili kwa mwezi.

"Siku gani?"

"Siku ambayo gari la idara lilikuwa na nafasi."

Watu hawakucheka. Mzee akaendelea taratibu, kama anayemfunza kijana kufunga fundo. "Ukija siku za giza, utaandika kwamba ziwa limejaa. Ukija mbalamwezi, utaandika kwamba ziwa limekwisha. Ziwa ni lilelile. Huu mstari wako sijui kama ni wa samaki au wa gari."

Asistanti aliutazama mstari wake muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo kwangu ndilo lililomfanya kuwa mwanasayansi siku ile, kuliko shahada atakayokuja kupewa: "Tarehe zote nimeziandika kwenye daftari. Nitarudi kuziangalia."

Kule mto wetu unakoishia, karibu na Uvira, yuko samaki anayeishi kwa kubandua magamba ya samaki wengine wakiwa hai. Jina lake la kitaalamu ni Perissodus microlepis. Mdomo wake umepinda upande: wengine kulia, wengine kushoto. Wa mdomo wa kulia huvizia ubavu wa kushoto wa windo, na wa kushoto huvizia ubavu wa kulia. Mtafiti wa Kijapani Michio Hori aliwafuatilia hapo kwa miaka mingi, na mwaka 1993 akaeleza kwenye jarida la Science kwamba makundi haya mawili hupokezana wingi. Kundi moja likizidi, mawindo huzoea kulinda ubavu unaoshambuliwa sana. Hapo wale wachache, wanaotokea upande usiolindwa, ndio wanaoshiba na kuzaana, mpaka mizani igeuke tena. Siku ile ya mzee mwenye kofia niliwakumbuka. Msomi hujikinga upande ambao wasomi wenzake humshambulia: amejiandaa kwa swali la mbinu, la marejeo, la kipimo. Ubavu wa pili uko wazi. Semina inayokaliwa na watu wa aina moja, hata wawe werevu namna gani, itauma ubavu uleule kila Alhamisi.

Aliyefuata kunyanyuka aliuliza juu ya Rwanda rushya. Nusu ya chumba hawakujua anazungumzia nini. Nusu nyingine walimjua samaki huyo kwa jina la Lamprichthys tanganicanus, mwenyeji wa Tanganyika ambaye mwaka 2006 alianza kuonekana Kivu bila ya mtu kukiri kwamba amemleta. Watafiti wa kituo cha Lwiro walikuja kuandika makala juu yake. Wavuvi walikuwa wameshampa jina. Dakika kumi zilitumika kuhakikisha kwamba pande mbili zinazungumzia samaki mmoja, na sikuona kwamba dakika hizo zilipotea. Kabla watu hawajaweza kubishana, lazima wakubaliane wanabishana juu ya nani.

Nikirudi jioni ile nilipitia tena Rusizi II, nikawaza ua moja.

Ukitoka hapo mpakani ukashuka kusini kuelekea Bugarama, utafika Mashyuza, penye chemchemi za maji moto. Mwaka 1987 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Eberhard Fischer, aliona hapo yungiyungi ambalo halijaandikwa popote. Lilikuwa dogo kuliko yote duniani, majani mengine yakiwa na upana wa sentimita moja tu, na halikukaa ndani ya maji kama ndugu zake, liliota kwenye tope lenye joto pembeni mwa chemchemi. Mwaka 1988 likapewa jina, Nymphaea thermarum. Sheria za uainishaji wa mimea za wakati ule zilitaka kila mmea mpya uelezwe kwa Kilatini, zikaendelea kutaka hivyo hadi mwisho wa mwaka 2011. Ndiyo kusema ua la wilaya yetu lilitambulishwa ulimwenguni kwa lugha ambayo hakuna mkulima wa Bugarama anayeizungumza, wala wa mahali pengine popote.

Makao yake yote yalikuwa mita chache za tope. Karibu mwaka 2008 maji ya chemchemi yalielekezwa kwenye matumizi ya kilimo, tope likakauka, na ua likatoweka. Siwalaumu waliochota maji. Mtu anayemwagilia mboga za watoto wake hawezi kukwepa kitu kilichojulishwa kwa Kilatini. Kwa bahati, mimea michache ilikuwa imepelekwa bustani ya Bonn, na mbegu zake zikafika Kew, London. Huko Carlos Magdalena alihangaika nazo. Alizitia majini kama mtu anavyootesha mayungiyungi, zikachipua, kisha miche ikafa, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2009 akatambua kwamba yungiyungi hili linataka hewa: ukilizamisha linakosa kabonidayoksaidi ya kutosha. Akalipanda kwenye udongo uliolowa, maji yakiwa usawa wa udongo na joto la nyuzi 25, likachanua. Januari 2014 mtu akaiba mche mmoja pale Kew, habari ikatangazwa dunia nzima. Na mwaka 2023 likaonekana tena porini, hukuhuku Rusizi.

Nalirudia kisa hiki kwa wanafunzi kila ninapopata nafasi, na kila mara wananiuliza juu ya mwizi. Mimi huwarudisha kwenye mche unaokufa majini. Wataalamu walilipa ua hili mazingira ambayo kila yungiyungi hupewa, maji mengi na safi, likafa katikati ya ukarimu huo. Lilihitaji pembezoni, mahali ambapo maji na nchi kavu vinagusana. Naona elimu yetu imekuwa hivyo. Tunaizamisha kwenye makongamano yenye kina, kisha tunashangaa mbona haioti.

Mambo huweza pia kwenda upande wa pili, kutoka kwa wenyeji hadi kwa wasomi. Kaskazini mwa ziwa hili, karibu na Goma, kuna mabonde madogo ambamo hewa nzito ya volkano hutuama ikaua mbuzi, na wakati mwingine watu. Wenyeji huyaita mazuku. Wanasayansi walipofika hawakuwa na neno bora, wakalichukua. Leo mtaalamu wa volkano anaweza kuandika "mazuku" katika makala ya Kiingereza bila kuomba radhi. Neno hilo lilianza kwa mtu aliyempoteza mbuzi akataka jirani yake asimpoteze wake, likaenda likaingia vyuoni. Kiswahili nacho kimekuwa lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, na Wakongo wa mashariki hawakuhitaji sheria ya kuwaambia wakiongee. Sioni kwa nini semina ya biolojia ya pande hizi mbili za mto iendelee kuona haya kuuliza kwa lugha inayotumika kununulia nyanya pale mpakani.

Baada ya ile Alhamisi mambo hayakugeuka ghafla. Kuna mwezi wavuvi walikuja wawili. Kuna mwezi walikuja wengi wakagombana wao kwa wao juu ya nyavu za macho madogo, mtoa mada akabaki amesimama na chaki yake. Mara moja mjadala wote ulikuwa juu ya taka. Chupa na mifuko ya plastiki inayotupwa kwenye vilima vya Bukavu hushuka na mvua hadi ziwani, ziwa likaipeleka kwenye mdomo wa mto, ikaziba mitambo ya Ruzizi I. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, lakini maji ni ya wote. Mzee wa kofia ya sufu akasema kwamba sisi wa Rwanda tuna umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, wao Wakongo wana salongo yao, na uchafu unafanya kazi siku zote saba. Umeme ukakatika alipokuwa akisema. Hapo watu walicheka.

Kitu kilichobadilika kilikuwa kidogo, nami nilikiona kwa kuwa nilizoea kutazama ukuta. Kwenye kalenda ya duka la dawa mtu alianza kuchora kwa kalamu ya wino, kila mwezi, duara dogo juu ya tarehe moja. Nilidhani ni siku ya mshahara. Nikamuuliza yule mama wa chai, maana yeye ndiye aliyejua mambo yote ya idara. Akasema ni yeye anayechora. Anahitaji kujua Alhamisi ipi apike mandazi ya kutosha.

Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na tangu hapo sijavuka. Rafiki yangu hunipigia simu mara kwa mara. Tunaulizana hali za nyumbani, tunanyamaza kidogo, kisha mmoja wetu anataja samaki. Yule asistanti alizirudia tarehe zake zote, akaukata mstari wake mara mbili, mmoja wa siku za giza na mmoja wa mbalamwezi. Sijauona.

Nakaa barazani Kamembe. Siku za giza ziwa huwaka taa kama zamani, na mgeni yeyote husimama akasifu uzuri wake. Lakini mwezi unapokuwa mpevu taa hupungua, maji yakabaki na weupe wake mtupu, na mtu asiyejua atadhani kwamba hakuna kinachotokea. Mimi hapo ndipo ninapovisikia viti vya maabara vikilia kwenye sakafu. Kijana wa mpakani aliniuliza samaki wenyewe wako wapi, na nikikutana naye sasa nitamjibu kwamba usiku kama huu samaki wamebaki ziwani, wanaowajua wako nyumbani wameshika chai, na mtu akitaka kuwauliza jambo, wako macho.